Jitsi Meet kwa simu za sauti kwenye tovuti: tathmini kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Chama cha msingi cha wakulima kinachotaka kitufe cha "Piga simu" kwenye tovuti yake, ili mkulima wa Kitangari amuulize karani habari za malipo ya mnada bila kununua dakika, hakina haja ya kuandika programu nzima upya. Jitsi Meet, programu ya mikutano ya sauti na video, inatosha. Ni ya bure kwa leseni ya Apache 2.0, na simu hupita ndani ya kivinjari kwa WebRTC, yaani teknolojia ya sauti na video iliyomo kwenye kivinjari chenyewe. Ila kuna njia mbili za kuitumia, na wengi huangukia ile mbovu.

Njia mbovu ni kubandika meet.jit.si, seva ya umma ya Jitsi, ndani ya ukurasa wako. Ni mistari michache ya JavaScript, na siku ya kumwonyesha mwenyekiti kila kitu kinakwenda vizuri. Dakika ya 5 simu inakatika, kwa kuwa seva hiyo ya umma inaruhusu kubandikwa kwa majaribio tu. Tena tangu Agosti 2023 anayefungua chumba lazima aingie kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub. Mkulima akimtangulia karani anakwama mlangoni.

Weka seva yako. Chukua mashine ya Debian au Ubuntu. RAM ya GB 4 inatosha kwa vikao vidogo, GB 8 ndiyo ya kutulia. Elekeza domeini kwenye seva kabla ya kufunga kifurushi cha jitsi-meet, kisha kubali cheti cha bure cha Let's Encrypt kinachoipa tovuti HTTPS. Bila HTTPS kivinjari hakitoi maiki hata ukibembeleza vipi.

Sasa kosa linalowasumbua mafundi wengi kuliko yote. Watu wawili wanaongea, sauti safi kabisa. Akiingia wa tatu, kimya: majina yanaonekana, hakuna anayesikika. Watu huanza kulaumu mtandao wa simu, au kufunga programu upya. Kumbe wakiwa wawili, Jitsi ikiweza huwaunganisha moja kwa moja, simu kwa simu, wala sauti haipiti kwenye seva. Wakifika watatu sauti zinahamia kwenye Videobridge, sehemu ya seva inayosambaza sauti kwa kila mmoja, na hiyo husikiliza poti (mlango wa mtandao) 10000 ya UDP. Fundi amefungua 80 na 443, hii ameiacha. Ifungue kwenye fayawoli ya mashine na pia kwenye paneli ya kampuni inayokukodisha seva, maana mara nyingi ziko mbili. Ikiwa bado kimya, huenda seva iko nyuma ya NAT, yaani anwani yake ya ndani imefichwa nyuma ya anwani nyingine ya nje, na inatangaza anwani yake ya ndani. Mwambie Videobridge anwani ya nje. Usikabidhi kazi kabla ya kujaribu kwa simu tatu, tena zenye laini za mitandao tofauti.

Upande wa bando, Jitsi inapata alama za juu ukiibana. Kwenye config.js, faili la mipangilio ya Jitsi, weka startAudioOnly iwe true, na opusMaxAverageBitrate 24000. Hesabu yake ni hii: Opus, kodeki inayobana sauti, kwa kilobiti 24 kwa sekunde hutoa baiti 60 kila milisekunde 20, ongeza kama baiti 50 za vichwa vya pakiti na usimbaji, zidisha kwa pakiti 50 za kila sekunde, unapata kilobiti 44 kwa sekunde. Kwa saa moja ni karibu MB 20 kwenda na MB 20 kurudi. Video ya megabiti 2 ingekula MB 900 kwa upande mmoja peke yake. Kumbuka Videobridge haichanganyi sauti, kila anayeongea huja kwa mkondo wake, kwa hiyo kikao cha watu wengi walioacha maiki wazi hula zaidi.

Kuna udhia mmoja wa Android: mkulima akibonyeza kiungo, Jitsi humshawishi kwanza apakue programu yake. Zima hilo kwenye deeplinking ndani ya config.js. Na akiwahi kukataa maiki ilipoombwa, Chrome hukumbuka. Mwelekeze aguse alama iliyo kando ya anwani ya tovuti airuhusu tena.

Simu nyingi za mkononi hukaa nyuma ya NAT ya kampuni ya mtandao, hivyo STUN, huduma inayoiambia simu anwani yake ya nje, peke yake haitoshi kila mara. Fungua poti 3478 ya UDP na 5349 ya TCP kwa ajili ya coturn, programu ya seva inayopokezana sauti pale simu zisipoweza kuunganishwa moja kwa moja. Ukitaka uhakika, fungua chrome://webrtc-internals wakati simu iko hewani: ukiona "relay", sauti inapita coturn. Ikiwa imelazimika kupita TCP, itachelewa na kukwama-kwama, kwani pakiti moja ikipotea zilizo nyuma yake zinasubiri.

Seva ikae Dar es Salaam ukiweza. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, intaneti ya nchi nzima ilizorota, na aliyetegemea seva ya Ulaya ndiye aliyeumia zaidi. Hata ukiwa na seva ya nyumbani, angalia stunServers ndani ya p2p kwenye config.js: kwa kawaida inaelekeza kwenye mashine za Jitsi zilizo nje. Badilisha iwe coturn yako.

Upungufu mkubwa ni kitochi. Jitsi haiwezi kukiita bila kuongeza Jigasi, kiunganishi cha Jitsi na simu za kawaida, na laini ya SIP (simu kwa njia ya intaneti) ya kulipia, na hiyo ni kazi nyingine yenye gharama yake. Chama ambacho wanachama wengi wanatumia kitochi kiweke namba ya kawaida ya simu juu ya kitufe, kwa herufi kubwa, na kitufe kiwe cha pili.