Hema la kengele la mita 5 msituni Magamba: ni tamu, ila angalia hii kwanza

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo tuko Magamba, juu ya Lushoto, ndani ya msitu kabisa, hebu sikilizeni hao mbega huko nyuma, ndio maiki mpya hiyo inakamata kila kitu, asanteni sana mliochangia. Na hiki kitu kikubwa cheupe hapa nyuma ndicho mmekuwa mkikiulizia kwenye komenti tangu nilipoposti ile picha. Hema la kengele, yaani la duara lenye umbo kama kengele, mita 5 kutoka ukuta huu mpaka ule, nguzo moja katikati, na jamani ni zuri. Ni zuri mno!

Vipimo sitawasomea, vipo kila mahali. Jueni tu hiyo mita 5 inakupa karibu mita za mraba 20 za sakafu, yaani kitanda cha tano kwa sita kinaingia, cha watoto kinaingia, meza inaingia, na bado unatembea umesimama wima. Mliozoea yale mahema madogo ya nailoni mnajua habari ya kuvaa suruali umelala chali. Hapa hiyo hakuna.

Sasa kilichonileta leo ni kitambaa. Sogeza kamera hapa, karibu zaidi, kwenye mshono. Hii ni turubai ya pamba, gramu 285 kwa mita ya mraba, kuna ya 360 pia ambayo ni nzito zaidi. Unaviona hivi vitundu vya sindano? Hema likiwa jipya viko wazi, kwahiyo mvua ya kwanza inadondosha humu ndani halafu watu wanakimbilia kulalamika kwamba wameuziwa feki. Sio feki. Pamba inatakiwa uiloweshe kabla ya safari. Unalisimamisha nyumbani, unashika mpira wa maji, unalilowesha lote mpaka lichuruzike, hasa kwenye mishono, unaliacha likauke kabisa kabisa, halafu unarudia. Uzi ukinywa maji unavimba na kujipanga, vitundu vinaziba.

Msiniamini kwa maneno, angalieni. Upande huu uliloweshwa nyumbani. Namwaga, jagi zima hilo, pale pale kwenye mshono... maji yanajikusanya matone, yanateleza, chini. Twende ndani. Mkono wangu huo, napitisha juu ya mshono uleule, kukavu. Sasa chukua huu mfuko wake wa kubebea, umeshonwa kwa turubai ileile ila haujawahi kuonja maji. Naushika hivi, namwaga kidogo tu. Subiri... subiri... hilo hapo! Tone linachungulia kwenye tundu, limeanguka, na lingine. Kitambaa kimoja, tofauti ni kuloweshwa tu. Hiki kitu kingeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa na hakijaandikwa popote, na kinaniudhi kweli, maana mtu anatoa hela nyingi halafu usiku wa kwanza analowa na familia yake.

Na pamba inapumua. Kwenye nailoni, baridi ya huku milimani, asubuhi dari inakudondoshea jasho lako mwenyewe, godoro limelowa na hakuna mvua iliyonyesha. Humu nimeamka dari ni kavu, na ni Magamba hii, ukungu unaingia jioni unalala na wewe.

Ila sasa huo ukungu ndio kesi yenyewe. Gusa hapa nje, chini karibu na ardhi. Limelowa, zito, na tope limerukia. Hema hili likiwa kavu ni zaidi ya kilo 30, likilowa linakuwa mzigo wa watu wawili. Na huwezi kulikunja hivi ukaliweka stoo ukasema nitaliangalia wikiendi. Siku chache tu linaanza madoa meusi, kuvu hiyo, inakula pamba, na yale madoa hayatoki hata ufanyeje, ukitia jiki unaharibu dawa ya kuzuia maji. Lazima ukifika nyumbani ulianike siku hiyohiyo au kesho yake, lote, mpaka pindo za chini zikauke. Sasa wewe unakaa ghorofani Dar, huna ua, huna paa la kupanda, utalianika wapi? Kama huna jibu la hilo swali usinunue, chukua nailoni nzuri, inakauka ukikung'uta.

Kamba. Zimezunguka pande zote, kila moja inatoka nje ya ukuta kama mita moja na nusu, kwahiyo hema la mita 5 linataka uwazi wa kama mita 8, na msituni uwazi wa mita 8 hauokoti. Usije ukakata mti wa watu, hii ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unaenda ofisini, unalipia kwa kontrol namba, unaonyeshwa pa kuweka. Na angalia juu kabla hujapigilia kigingi, tawi kavu likidondoka usiku turubai haliwezi kulizuia. Jioni legeza kamba kidogo, pamba ikilowa inajikaza, usipolegeza inang'oa vigingi au inavuta mishono.

Kuhusu moto, hapa naomba mnisikilize vizuri. Wengi mmeuliza mbona lina tundu la bomba la moshi. Yapo mahema yenye tundu la jiko la chuma lenye bomba lake, na ni wazo la zamani, yule Sibley ofisa wa jeshi la Marekani aliyepata hataza ya hema la namna hii mwaka 1856 alikuwa na jiko la kukaa humohumo ndani. Lakini jiko la chuma lenye bomba sio jiko la mkaa! Jiko la mkaa usiingize ndani ya hema, hata limebaki makaa tu, hata madirisha yako wazi, hata baridi ikuume vipi. Kaboni monoksaidi haina harufu, unalala huamki. Kusema pamba inapumua hakukuokoi. Chukua blanketi la pili, vaa soksi, basi.

Bei sasa. Ya mita 5 mtandaoni utaikuta kuanzia kama dola 500, nzito nzuri zinapita 1,000, na hapo hujaweka usafiri na ushuru, na kwa uzito huu usafiri unauma. Kuna aliyeniandikia kwamba fundi wa maturubai ya lori atamshonea kwa bei rahisi. Kushona atashona, lakini mengi ya lori ni plastiki, hayapumui, mchana utapikika humo ndani na asubuhi utaogeshwa. Mwambie akutafutie kanvasi ya pamba.

Wanaoniuliza hili au lile hema la juu ya gari, video hiyo inakuja, na kuanzia mwezi ujao tunahamia Jumatano jioni, sabskraibu usipitwe. Mimi kwa familia nachagua hili, kwa watu wawili wanaohama kila siku nachagua la gari, ingawa nikiwa humu ndani sasa hivi hata hao wawili natamani niwaambie waje waone.

Na mwenye kumfahamu fundi mzuri wa kanvasi Tanga au Dar aniwekee kwenye komenti, nataka kushona kipaa cha mlangoni, maana mvua ikija ya upande ukifungua tu hii zipu inaingia mpaka kitandani.