Aplikesheni ya "waliofariki tarehe kama ya leo": naipenda, ila 23 Aprili wairekebishe

Wadau, hii ni aplikesheni ya simu, unachagua tarehe yoyote inakumwagia majina ya watu maarufu waliofariki tarehe hiyo, mwaka wowote ule, na kila asubuhi inakutumia notifikesheni ya tarehe ya leo. Naitumia kila siku na nimeizoea sana, ndiyo maana nataka niseme mazuri na mabaya yake.

Utamu wake ni kukukutanisha na watu ambao usingewatafuta. Fungua 5 Desemba, unamkuta Mozart, 1791, unashuka Alexandre Dumas, 1870, kisha Claude Monet, 1926, halafu Nelson Mandela, 2013. Kijana wa miaka 35 aliyefia Vienna na mzee wa miaka 95 aliyekaa jela miaka 27, wako ukurasa mmoja, na kila jina ukiligusa linakupeleka kwenye maelezo mafupi yaliyoandikwa kwa adabu, hakuna picha za maiti wala udaku. Hapo nawapa heko kabisa. Mimi niliingia 14 Oktoba kwa ajili ya Mwalimu Nyerere, 1999, nikajikuta namsoma Leonard Bernstein, mwanamuziki wa Marekani, wa 1990 na Mfalme Harold wa Uingereza aliyeuawa vitani Hastings mwaka 1066, saa nzima ikakatika.

Sasa shida. Kufa tarehe moja ni kitu kimoja na kufa siku moja ni kitu kingine kabisa, na hii aplikesheni inavichanganya. Chukua 22 Novemba. Mwaka 1963 Rais Kennedy wa Marekani anapigwa risasi Dallas saa sita na nusu mchana, lakini kama saa moja hivi kabla ya hapo C. S. Lewis alikuwa ameshakata roho nyumbani kwake Oxford, na jioni ya siku hiyo hiyo Aldous Huxley akafariki Los Angeles. Waandishi wawili wakubwa wanaondoka na dunia haina hata nafasi ya kuwalilia kwa sababu redio na magazeti yote ni Kennedy. Hiyo ndiyo stori ya tarehe hiyo! Aplikesheni inafanya nini? Inapanga majina kwa umaarufu, Kennedy juu, Huxley huko chini kabisa kazungukwa na watu wa karne nyingine, yaani wanamzika mara ya pili. Ya 5 Machi 1953 vilevile, Prokofiev, mtunzi wa muziki, alifariki Moscow siku moja na Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, na ukisoma ukurasa wake humu hutajua kwamba magazeti ya Kisovieti yalikuwa yamejaa Stalin mtupu na mtunzi wa watu akapita kimyakimya.

Lakini kilichoniuma zaidi ni 23 Aprili. Wameandika kwa herufi kubwa kwamba Shakespeare wa Uingereza na Cervantes, mwandishi wa Hispania, walikufa siku moja mwaka 1616. Sio kweli jamani. Hispania ilikuwa inatumia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, tangu 1582, Uingereza bado iko kwenye ile ya zamani ya Juliasi na iliendelea nayo mpaka 1752, na mwaka ule tofauti ilikuwa siku 10, kwa hiyo 23 Aprili ya Shakespeare kwa Wahispania ilikuwa tayari 3 Mei. Na Cervantes mwenyewe inaelekea alifariki tarehe 22, hiyo 23 ni ya maziko. Tarehe bado ina uzito wake, UNESCO wanaiadhimisha kama siku ya vitabu na mimi sina neno na hilo, ila aplikesheni ambayo kazi yake yote ni tarehe inatakiwa iweke hata sentensi moja ya kalenda hapo chini. Moja tu!

Halafu wapunguze "maajabu". Ukikusanya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kati yao kuangukia tarehe moja tayari unazidi nusu, hiyo ni hesabu ya kawaida, kwa hiyo marais wa Marekani kugongana tarehe sio muujiza: Fillmore na Taft wote 8 Machi, Truman na Ford wote 26 Desemba. Ila 4 Julai 1826 hiyo hata mimi inanisisimua kila nikiisoma, Jefferson na Adams, marais wa zamani, wote wawili walisaini Azimio la Uhuru la Marekani, wanafariki siku moja wakipishana masaa machache, miaka 50 kamili tangu azimio lipitishwe, na Monroe, naye rais wa zamani, akawafuata 4 Julai 1831. Hiyo waiwekee nyota na waieleze kwa kirefu, zile nyingine waziache zipite kama kawaida.

Mengine ya haraka: haili chaji, ofulaini inafanya kazi ukishadaunlodi mwezi mzima, matangazo yapo lakini hayarukii katikati ya maelezo. Sehemu ya kutafuta jina iko slo.

Nawapa nyota tatu kwa tano. Wakiweka kitufe cha kuchuja waliofariki siku moja mwaka mmoja, na saa ya kifo pale inapojulikana, naongeza ya nne siku hiyo hiyo.