Nimelala nyumba ya mawe Lamu, nikagonga kuta zote

Mimi ni mwashi, kazi zangu Malindi, na mwiko nimeushika tangu nina miaka 17. Kwa hiyo maoni haya ni ya mtu ambaye akiingia chumbani haangalii kitanda, anagonga ukuta kwanza. Mke wangu, ambaye ndiye aliyelipa, angewaandikia mengine kabisa.

Tulikwenda kwenye arusi ya upande wake. Nyumba ya arusi ilijaa watu hadi ngazini, tukaona bora tulale nyumba ya wageni mtaa wa Mkomani, vichochoro viwili nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Usiku mmoja shilingi 5,000, chai ya asubuhi ikiwa humo humo. Jina silitaji kwa sababu nina lalamiko, na mama anayeiangalia nyumba ile alitukirimu mno, sitaki asomewe na wajukuu aone nimemsema.

Safari mnaijua: basi mpaka Mokowe, boti, kisha mizigo juu ya punda na nyinyi mnafuata nyuma, mkibanana ukutani kila punda mwingine akitokea mbele.

Mlangoni kuna daka, yaani kiukumbi cha nje, na baraza za mawe kushoto na kulia, zimesuguliwa na makalio ya watu hadi zinang'aa. Zamani mgeni mwenye shida ndogo ndogo aliishia hapo. Ukivuka kizingiti unaingia tekani, kijia cha kuingilia, nayo imepindishwa makusudi: mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, haambulii kitu. Halafu kiwanda, yaani ua wa ndani, wazi juu, jua linashuka moja kwa moja. Baada ya kiwanda ni misana miwili, kumbi zinazofuatana, wenyewe husema msana wa tini na msana wa yuu, na kweli kila ukiingia unapanda kidaraja. Mwisho kabisa ndiyo ndani. Jina lake ni hilo tu, ndani, na hata sauti yako inashuka ukifika.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Wageni wawili kutoka Nairobi walikuwa wanauliza kulikoni. Nikawaambia watazame juu. Dari imebebwa na boriti, miti ya mikoko, na mkoko ulionyooka una kikomo chake. Mti ndio uliopanga upana wa chumba, tajiri akapanga urefu. Nilipima kwa hatua: upana tatu kasoro, urefu tisa. Unene wa ukuta niliupima dirishani, shibiri mbili na vidole vinne, mawe ya matumbawe na chokaa. Nje saa nane mchana lami ingeyeyuka, kama Mkomani kungekuwa na lami. Chumbani mke wangu alijifunika leso.

Chumba chetu kilikuwa juu, na ukuta mmoja mzima ni zidaka, vishubaka vya lipu, safu juu ya safu. Enzi hizo ziliwekwa bakuli za kaure na misahafu, sasa wameweka taa ndogo, si mbaya. Nilikaa mbele ya ukuta ule muda mrefu kuliko nilivyokaa arusini. Kuna kidaka kimoja, safu ya pili, ambacho ukingo wake wa kushoto umepinda kidogo. Pitisha kidole utakuta mfereji mwembamba kama uzi. Hapo fundi alikuwa akichonga lipu ikiwa bado mbichi, kisu kikateleza, na chokaa ilikuwa inaanza kushika. Akaacha hivyo. Nimeifanya kazi hii, naijua ile dakika.

Niligonga ukuta ule kutoka juu mpaka chini. Mlio mzito, mmoja, hakuna pahali penye uwazi. Chokaa ya namna ile hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni za mikoko, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ipoe kwa muda mrefu kabla haijaguswa na mwiko. Ukitaka kujua inakaa vipi, nendeni kwenye magofu ya Gede, hapo karibu na kwetu. Mji ulihamwa karne nyingi zilizopita, paa hakuna, mizizi imepenya kila mahali, na bado kuna lipu ukutani.

Sasa lalamiko. Chumba cha chini, upande wa bafu, kimepigwa simiti. Nilijua kabla sijagonga, maana rangi ilikuwa imevimba hadi usawa wa kiuno na sakafuni kuna unga mweupe. Niliuramba. Chumvi. Nikagonga, ukalia kama debe.

"Mama, lipu hii kaipiga nani?"

"Fundi wa mwenye nyumba, mwanangu. Alisema simiti ndiyo yenye nguvu. Na kila mwaka twapaka rangi."

Nguvu ndiyo shida yenyewe. Jiwe la matumbawe linanyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa inauachia unyevu utoke taratibu. Simiti inaufungia, basi unapanda juu, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka idondoke. Rangi haina la kufanya hapo. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na nyumba inauzwa kwa wageni kwa sababu ya ukale wake, halafu mtu anaenda kununua mfuko wa simiti!

Na birika, maana yangu tangi la maji la bafuni. Asubuhi ya pili nilikwenda kwenye Nyumba ya Makumbusho ya Waswahili, ya karne ya 18, ni mwendo mfupi, ili nione kitu hicho kilivyotakiwa kuwa. Birika la bafuni la nyumba hizi lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa hupachikwa bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wabaki na pa kujificha. Niliporudi nikachungulia birika letu. Limevishwa vigae vya buluu, ndani mna ndoo ya plastiki na brashi ya choo. Bakuli, kama lilikuwapo, liko chini ya vigae.

Mengine kwa ufupi. Vitanda vizuri, neti haina tundu. Maji ya kuoga yanakatika saa moja jioni, oga mapema. Chai huletwa darini, mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na mama hakubali sahani irudi na kitu. Punda wanaanza kulia kabla ya adhana, hakuna wa kumlalamikia. Ngazi ni refu na kidaraja kimoja kimelegea, mwenye wazee aangalie.

Mkienda, ombeni chumba cha juu, chenye zidaka. Cha chini msikikubali hata kwa bei nusu mpaka ile simiti ibanduliwe. Mama nimemwachia namba yangu ampe mwenye nyumba, na nimemwambia gharama ya chakula na boti inatosha, ufundi sitamtoza. Hajapiga bado.