Petra kwa msomaji wa Obadia: lipia siku mbili, kisha panda Umm al-Biyara

Wasomaji wengi wa Obadia, nabii wa Biblia aliyeukemea ufalme wa Edomu, huenda Petra, mji wa kale wa Jordan, kutafuta zile "pango za majabali", wakafika al-Khazneh, kaburi maarufu lililochongwa mwambani, wakapiga picha, wakageuza. Kaburi lile ni kazi ya Wanabatea, Waarabu wa kale waliostawi pale baada ya ufalme wa Edomu kuanguka. Edomu, aliyeambiwa "kiburi cha moyo wako kimekudanganya", siye aliyelichonga. Ziara ya kawaida ya siku moja haikuelezi hilo.

Kiingilio ni dinari 50 kwa siku moja na 55 kwa siku mbili, ukilala Jordan. Asiyelala hutozwa 90. Dinari tano za siku ya pili ndizo zenye faida kuliko zote. Farasi wa kutoka langoni hadi mdomo wa Siq, korongo jembamba la kuingilia mjini, yumo kwenye tiketi, lakini mwenyewe atakudai bakshishi bila haya. Tembea tu.

Siku ya pili panda Umm al-Biyara, jabali linalosimama upande wa magharibi wa bonde. Ni mwendo wa kama saa moja, karibu mita 300 za kupanda, kwa ngazi zilizochongwa mwambani na kulika vibaya mahali pengine. Wengi huanza asubuhi, wakachomwa na jua, kwa kuwa njia iko upande wa mashariki. Mchana ikishapata kivuli ndio wakati wake, mradi ushuke kabla ya giza. Maji beba mwenyewe, juu hakuna muuzaji. Mvua ikitishia, ahirisha: mafuriko ya Siq huja ghafla na huua.

Kileleni kuna misingi ya nyumba za Waedomu wa karne ya 7 KK, zilizofukuliwa na mwanaakiolojia Crystal Bennett miaka ya 1960. Ni kuta fupi za mawe bapa, wala hazipendezi kwenye picha. Humo ilipatikana alama ya muhuri wa Qos-Gabr, mfalme wa Edomu. Huyo huyo yumo katika orodha ya Esarhaddon, mfalme wa Ashuru, miongoni mwa wafalme 22 waliolazimishwa kupeleka mbao na mawe Ninawi. Ukichungulia kutoka ukingoni, watu walio chini wanaonekana kama sisimizi, na swali la Edomu katika Obadia, "ni nani atakayenishusha?", halihitaji tena mhubiri.

Ukiwa na gari, ongeza jabali la as-Sila, kaskazini karibu na Tafila. Mchongo unaohusishwa na Nabonidus, mfalme wa Babeli, uko juu gengeni. Bila darubini hutauona.