Darasa la jioni la "pick up": pesa yake inalipa, ila fotokopi mnatuumiza

Sh 60,000 kwa mwezi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 jioni hadi saa moja na nusu usiku. Ndilo darasa la Kiingereza ninalolizungumzia hapa, lipo ghorofani juu ya maduka ya vipuri, Mwanza mjini. Jina silitaji kwa sababu malalamiko ninayo, na ticha bado ananifundisha.

Mimi ni dereva. Nina Noah, nabeba wageni kutoka uwanja wa ndege hadi mahoteli ya Capri Point, na siku nyingine hadi Sengerema, safari ambayo tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 haina tena habari ya kusubiri kivuko. Kiingereza cha form four ninacho. Lakini Kiingereza cha shule na Kiingereza cha mgeni aliyekaa siti ya nyuma ni vitu viwili. Shule tulikaririshwa "collect", "improve", "resume", "detect". Mgeni yeye anasema "pick up" kwa yote manne, na hapo hapo anaendelea na hadithi yake.

Ndiyo maana nimelipenda hili darasa. Vituo vingine vinakuanzisha na "hello, my name is", kana kwamba hukukaa sekondari miaka minne ukisoma baiolojia kwa Kiingereza. Huyu ticha anaanzia kwenye maneno mazito tunayoyajua tayari, halafu anayashusha mtaani. Anasema mengi ya hayo asili yake ni Kilatini, na mengine yalipitia Kifaransa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Mwingereza huyaweka kwenye barua na mitihani, akiwa nyumbani anarudi kwenye vitenzi vifupi vyenye mkia, kama "up" ya "pick up". Akatuambia pia kwamba Samuel Johnson, kwenye dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alishaandika kuwa vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko vyote. Kwa hiyo tuache kujilaumu.

Mwezi mzima tukakaa na "pick up". Mnacheka, lakini mwezi haukutosha. Kuinua kitu kilichoanguka. Kumpitia mtu kwa gari. Kupokea simu. Kununua kitu njiani, mkate au vocha. Kujifunza lugha kwa kusikiliza watu bila kukaa darasani, sisi tunasema kuokoteza. Kuendelea na maongezi pale yalipoishia jana. Kulipa bili ya meza nzima. Upepo wa ziwani kuongezeka. Biashara kuchangamka. Na Mmarekani akisema "pick up your room", anataka chumba kipangwe; hilo dada wa usafi wa hoteli aliliandika haraka kuliko sisi wote.

Ticha alipotaka kutuonyesha kwamba Waswahili nasi tunayo mambo haya, alitoa mfano wa "piga": piga pasi, piga deki, piga chafya. Kila mwalimu hutoa mfano huo. Kwa maoni yangu ndugu halisi wa "pick up" ni "shika". Redio inashika stesheni, gari linashika kasi, polisi wamemshika mtu, mtoto ana akili ya kushika. Zote nne Mwingereza anaweza kuziweka chini ya "pick up". Nikamwambia, akaiandika ubaoni. Kisha dada mmoja akauliza kuhusu malaria, na hapo darasa likanoga: kwa Kiingereza mtu ndiye "anapick up" ugonjwa, kana kwamba aliukuta chini akauokota, kwetu malaria ndiyo inamshika mtu. Tulibishana nani ana haki mpaka muda ukaisha. Mimi nipo upande wa Kiswahili, sijaona mtu aliyeinama kuokota malaria.

Kanuni moja tu ya sarufi alitubana nayo, na aliibana vizuri. "Pick up the guest" sawa, "pick the guest up" sawa. Lakini ukishaweka "me", "him" au "them", lazima ikae katikati: "pick me up". Alisimamisha wanafunzi watatu mbele, mmoja ameshika karatasi ya PICK, mwingine UP, na "me" akabanwa katikati kama abiria wa mshikaki kwenye bodaboda. Sitaisahau.

Ile maana nyingine, ya kumwopoa mtu baa ukaondoka naye, ticha alitaka kuiruka. Dada wa mapokezi akakataa katakata. Anasema kazini kwake anaambiwa maneno hayo usiku, na anataka kujua lini mtu anaomba teksi na lini anamtaka yeye. Ikabidi ifundishwe, na ilifundishwa kwa heshima: angalia nani anampick up nani, wapi, na kama kuna gari kwenye maongezi.

Sasa malalamiko. Karatasi ya visawe ina safu mbili: kushoto maana za "pick up", kulia "collect, acquire, resume, improve, contract, detect, purchase". Zoezi linasema badilisha. Basi kijana mmoja anayeuza mabondo ya samaki kule Kirumba akaandika kwamba biashara yake "has collected". Darasa zima likacheka, wakati kosa ni la karatasi. Visawe havibadilishani viti hivyo hivyo. "Collect" ni ya mzigo na abiria, biashara "inaimprove". Na hata pale maana inapolingana, uzito unatofautiana: "purchase a loaf" inasomeka kama risiti ya serikali. Ticha anajua haya yote na huyasema kwa mdomo. Yaandikwe basi, angalau sentensi moja ya mfano kwa kila neno.

Halafu hiyo karatasi ni fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia, na inauzwa Sh 500. Tangazo la chini mlangoni linasema vifaa ni bure. Mara mbili tatu kwa wiki ukitoa hiyo mia tano, mwisho wa mwezi umelipa nauli za kutosha za daladala. Feni ni moja, na umeme ukikatika jenereta la duka la jirani linanguruma hadi ticha anafundisha kwa ishara.

Nani aende? Madereva, mapokezi, wahudumu wa mahoteli, vijana wa boti za kisiwa cha Saanane. Anayejiandaa na mtihani wa taifa atafute kwingine, hapa hakuna insha wala fasihi. Na asiyejua kabisa Kiingereza ataachwa, kasi ni kubwa.

Mwezi ujao ni "put up". Nimeshalipa nusu. Ukija, kaa safu ya dirishani. Jenereta liko upande wa ubao.