Nimeiacha GTX 1060, nimechukua RTX 4060: uzoefu wangu wa kurenda nyumba

Kazi yangu ni kuchora nyumba kwa kompyuta hapa Dar. Mteja analeta ramani, mimi namtolea picha ya sebule yake itakavyokuwa jua likiingia dirishani; kazi hiyo ya kompyuta kutoa picha ndiyo tunaita kurenda. Natumia programu ya Blender. Kwa miaka mingi kadi yangu ya grafiki ilikuwa GTX 1060 ya GB 6, toleo la 2016, niliyoichukua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Sina ubaya nayo, imenilipia kodi ya chumba.

Kilichonichosha ni kusubiri. Sebule moja yenye makochi, mapazia na zulia la manyoya ilikula karibu dakika 50. Mteja akisema "hebu badili rangi ya ukuta tuone", najua saa nzima imekwenda. Mwaka huu nikajibana, nikanunua RTX 4060. Faili lilelile, mipangilio ileile: dakika 8 na ushee. Nikarudia nikidhani nimekosea mahali.

Ukiangalia idadi ya koa, yaani vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya kadi, huwezi kuelewa tofauti hiyo inatoka wapi. 1060 ina 1,280, 4060 ina 3,072, haifiki hata mara tatu. Ila kadi za RTX zina sehemu maalumu ya kukokotoa miale ya mwanga, na kurenda ndiyo kazi yenyewe hiyo. Lazima uingie kwenye mipangilio ya Blender, pale inapokuuliza itumie kadi kwa njia gani, utoe CUDA uweke OptiX, ndipo sehemu hiyo itumike. Siku ya kwanza nilisahau, nikaishia kumlaani muuzaji bure.

Umeme nao umenishangaza. 1060 imepangiwa wati 120, hii mpya 115. Kwa hiyo zinavuta karibu sawa kwa kila dakika, ila hii inavuta kwa dakika 8 tu pale ya zamani ilipovuta kwa dakika 50. Mwenye LUKU atanielewa, na mwenye chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa pili atanielewa zaidi.

Sasa malalamiko. Nilikuja kugundua kwamba pawa saplai yangu ilikuwa na waya wa pini 6 tu, na kadi niliyonunua inataka pini 8. Fundi mmoja akaniambia atauunga tu. Nikakataa, nikanunua pawa saplai mpya, bajeti ikavurugika.

Kubwa zaidi ni memori. Hii kadi ya 2023 ina GB 8, wakati RTX 3060 ya 2021 ina toleo la GB 12! Nilipata kazi ya bustani ya hoteli, miti na majani kila kona, kadi ikajaa na kazi ikagoma. Rafiki yangu mwenye 3060 ya GB 12 alilirenda faili hilohilo, polepole lakini likaisha. Isitoshe, 4060 inatumia njia 8 tu za PCIe (njia za kupitisha data kati ya kadi na bodi ya kompyuta) badala ya 16, na bodi yangu ni ya PCIe kizazi cha 3, kwa hiyo data inapita kwenye mlango mwembamba. Kwenye sebule sioni tofauti. Ningekuwa mtu wa bustani na mitaa mizima, ningetafuta 3060 hiyo bila kujali kwamba ni ya zamani.

Ukienda kutafuta 1060 ya mkononi kwa sababu ya bei, soma kibandiko vizuri. Iko pia ya GB 3, na hiyo imepunguzwa koa hadi 1,152 ingawa jina ni lilelile. Na tangu 2025 Nvidia, kampuni inayozitengeneza, imetangaza kwamba kizazi hicho cha kadi hakipati tena drayva (programu za kuiendesha kadi) mpya za michezo, zinabaki za usalama tu.

Yangu sijaiuza. Nimemfungia mdogo wangu kwenye mashine yake ya mezani, anachezea mpira kwa 1080p na hana shida yoyote, ila feni moja imeanza kulia kama mbu na kila jioni ananiuliza lini nitaileta hiyo nyingine.