RenderDoc kazini: kukagua bafa ya nomali

RenderDoc ni programu ya bure ya chanzo huria, iliyoandikwa na Baldur Karlsson na kutolewa kwa leseni ya MIT. Hunasa fremu moja ya mchoro wa 3D na kukuwezesha kuipitia amri baada ya amri. Ninaitumia kwenye rendara (programu inayochora picha za 3D) inayoandika kwanza rangi, kina (umbali kutoka kwa kamera) na nomali (mshale wa urefu wa 1 unaoonyesha uso umeelekea wapi) katika bafa mbalimbali, yaani hifadhi za muda za kumbukumbu, kisha ikapiga hesabu za mwanga baadaye. Manufaa yake huonekana hasa kwenye bafa ya nomali, kwa kuwa namba zake ni mielekeo iliyovikwa rangi, na jicho peke yake haliwezi kuzihakiki.

Chukua ukuta unaotazama upande hasi wa mhimili wa X, ambao nomali yake ni (-1, 0, 0). Sheda (programu ndogo inayoendeshwa na kadi ya michoro kwa kila pikseli) ikiiandika jinsi ilivyo kwenye tekscha (picha iliyo kwenye kumbukumbu, ambayo ndiyo bafa yetu) ya muundo wa R8G8B8A8_UNORM, ambao huhifadhi namba za 0 hadi 1 tu, ukuta wote hutoka mweusi tititi, na ni rahisi kudhani kwamba haukuchorwa kabisa. Ndani ya RenderDoc unaichagua pikseli ya ukuta huo na kusoma 0, 0, 0. Kisha unafungua kitatuzi cha sheda, unaifuata hatua kwa hatua hadi mwisho, na unaikuta ile -1 ikiwa salama. Hapo unajua kwamba hesabu ni sahihi na tatizo liko kwenye kuhifadhi: zidisha kwa 0.5, ongeza 0.5, na ugeuze hesabu hiyo unapoisoma bafa wakati wa kupiga mwanga.

Kinachonivutia zaidi ni historia ya pikseli, inayoorodhesha kila amri ya kuchora iliyoigusa pikseli hiyo, hata ile iliyokataliwa na jaribio la kina (linalotupa kilichofichwa nyuma ya kingine), pamoja na thamani kabla na baada ya kuandikwa. Ikiwa uchanganyaji wa rangi mpya na ya zamani uliachwa umewashwa na alfa (kiwango cha kutopenyeza) ni 0, utaona nomali ikitoka sawasawa kwenye sheda huku tekscha ikibaki vilevile. Hitilafu ya namna hii ingekula siku nzima ya mtu anayebahatisha.

Kwa tekscha za namba za desimali, kuna mwonekano unaopaka NaN (matokeo ya hesabu isiyo na jibu, kama 0 kugawanywa kwa 0) rangi nyekundu na namba hasi rangi ya buluu. Modeli yenye tanjenti (mishale inayolala sambamba na uso) za urefu wa 0, ambazo huzaa NaN zikigawanywa kwa urefu wao, hujifichua hapo mara moja.

Upungufu upo. Programu haishughulikii Metal, mfumo wa Apple wa kuamrisha kadi ya michoro, na fremu iliyonaswa kwenye kadi moja ya michoro huenda isifunguke kwenye nyingine. Aidha, hakuna mwonekano ulio tayari wa kuonyesha nomali ambazo urefu wake si 1, ingawa unaruhusiwa kuandika sheda yako ndogo ya kuzionyesha, na mistari michache inatosha.